Vipuri vya Injini ya Zamani Vilivyobaki: Niuze au Nitunze? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Injini imefungwa, imewaka, inanguruma vizuri. Kwenye kona yamebaki maboksi: krenki imeviringishwa gunia, pistoni ambazo hukuzitumia, kabureta mbili zilizokauka, hedi ya pili uliyoinunua "kwa tahadhari", na kopo la bolti ambazo hata wewe hujui zilitoka wapi. Haya ni maswali ambayo wenye maboksi kama hayo huuliza, na majibu ya mtu ambaye kona yake imeshajaa na kumwagwa mara tatu.

Nianzie wapi? Sijui hata nusu ya vilivyomo.

Usianze na bei. Anza na jina na kipimo. Toa kila kitu mezani, futa grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha soma. Pistoni nyingi zimegongwa maandishi kichwani: STD maana yake ni saizi ya kiwandani, na 0.50 maana yake ni kubwa kwa nusu milimita, ya silinda iliyokwisha kuchongwa. Ukiona 020 tu, hizo ni elfu ishirini za inchi, ambazo ni karibu sawa na hiyo nusu milimita. Geuza beringi ya krenki uangalie mgongoni, nayo ina alama kama hizo. Kila ukisoma kitu, kifungie kilebo kwa waya kabla hujashika kingine. Kilebo cha karatasi kilichobandikwa kwa gundi hakimalizi mwaka kwenye chuma chenye mafuta.

Kazi hii inachosha, na ndiyo sababu watu huiruka. Lakini pistoni nne za "gari fulani la zamani" ni chuma tu, wakati pistoni zilezile zikiwa na jina la injini, saizi na ushahidi wa mikromita (kifaa cha kupimia unene kwa usahihi) ni bidhaa. Na hata kama huuzi, bila kujua saizi hujui kama zitaingia kwenye silinda yako.

Namba hizi kwenye chuma zinasema nini?

Zipo za aina mbili, na kuzichanganya kumewaponza wauzaji na wanunuzi sawia. Kuna namba iliyosubiwa, yaani iliyotoka kwenye kalibu pamoja na chuma chenyewe, ikiwa imeinuka juu ya uso. Hiyo hutaja umbo. Kuna namba iliyogongwa kwa muhuri baadaye, ikiwa imezama ndani. Hiyo mara nyingi ndiyo inayotaja injini hii hasa ilifungwa nini, na pengine ilitoka kwenye gari gani.

Chukua bloku ndogo ya V8 ya Chevrolet. Namba 3970010 nyuma ya bloku watu huitangaza kwa mbwembwe, kumbe mwaka 1969 ilisubiwa kwenye bloku za ujazo wa 302, 327 na 350, na ikaendelea kwenye 350 miaka mingi baadaye. Jibu liko mbele, upande wa kulia, kwenye kikalio kidogo kilicho sawa na uso wa bloku, palipogongwa tarehe na herufi za injini. Hapo ndipo penye msiba: fundi akipitisha bloku kwenye mashine ili kunyoosha uso, kikalio nacho huliwa, na namba inaondoka na vumbi la chuma. Ukikuta kikalio kinang'aa na hakina kitu, sema hivyo kwenye tangazo. Mnunuzi anayejua ataangalia hapo kwanza.

Nitajuaje kama kipuri bado kina maisha?

Krenki kwanza, kwa sababu ndiyo inayouzwa sana kwa maneno matupu. Pitisha ukucha kwenye majonali (sehemu zake za duara zinazozungukia ndani ya beringi), kwa mwendo wa urefu wa krenki. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, krenki inahitaji kusagwa, na mnunuzi atatoa gharama hiyo kwenye bei yako. Halafu pima kila jonali kwa mikromita katika sehemu zaidi ya moja, mara ya wima na mara ya ulalo, maana jonali iliyochoka huwa yai kabla haijawa nyembamba. Kama imeshasagwa hadi 0.75 ya milimita, uliza kama beringi za saizi inayofuata bado zinatengenezwa. Kama hazitengenezwi, hiyo krenki imefika mwisho wa safari hata kama inang'aa kama kioo.

Kuna ujanja wa mafundi wa zamani: isimamishe krenki kwa upande wa flaiwili, safi na kavu, kisha ugonge mzani wake kwa nyundo ndogo. Nzima hulia kama kengele na mlio ukabaki hewani. Yenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Ni chujio tu, si cheti. Cheti ni kipimo cha unga wa sumaku kwenye karakana ya mashine. Aluminiamu haishiki sumaku, kwa hiyo hedi zake hupimwa kwa rangi ya kupenya kwenye nyufa.

Hedi: angalia kati ya viti vya valvu, ndipo ufa hupenda kuanzia. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake na ujaribu kupitisha fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya). Bloku na hedi za magnesiamu au aluminiamu zikiwa na unga mweupe kwenye njia za maji au pembeni mwa matundu ya bolti, kwaruza uone kina. Unga wa juu juu hausumbui. Ukichimba na kukuta shimo, kuna kazi ya kuchomelea.

Kuna vitu ambavyo havitakiwi kutenganishwa?

Vipo, na hili ningetaka lisomwe hata na asiyesoma mengine.

Vifuniko vya beringi kuu za krenki huchongwa vikiwa vimefungwa kwenye bloku yao. Tundu la duara linapatikana nusu kwenye bloku na nusu kwenye kifuniko, kwa mpigo mmoja wa mashine. Kifuniko ukikipeleka kwenye bloku nyingine, hata ya namba ileile, duara halitakuwa duara. Kwa hiyo bloku isiyo na vifuniko vyake ni nusu bloku, na vifuniko visivyo na bloku ni vya kupimia uzito kwa wauza skrepa. Vivyo hivyo konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) na kifuniko chake: tafuta namba au nukta zilizogongwa pande zote mbili, zitazamane, kisha vifunge kwa bolti zake kwa mkono kabla ya kuviweka.

Kamshafti (mhimili wenye nundu za kufungulia valvu) iliyokwisha kutumika na tapeti zake za chini bapa, zinazosukumwa na nundu hizo, ni ndoa. Kila tapeti imechakaa kwa kufuata tundu lake na nundu yake. Ukizichanganya kwenye kopo, umeharibu tapeti na kamshafti kwa pamoja bila kugusa kifaa chochote. Trei ya mayai yenye namba kwa kalamu inatosha kabisa.

Niliwahi kununua konrodi nane zilizokuwa safi, zimepakwa mafuta, zimepangwa vizuri kwenye boksi. Vifuniko vilikuwa kwenye mfuko mmoja, vyote nane, bila namba. Muuzaji alikuwa amevisafisha mno hadi nukta zikafutika. Nilishinda siku nzima nikijaribu kuvioanisha kwa kuangalia mikwaruzo, nikapata jozi tatu za uhakika.

Kipi nitunze bila kufikiri mara mbili?

Injini ya asili ya gari lako, kama namba zake zinalingana na za gari. Hata kama imepasuka, hata kama gari linatembea na injini nyingine. Kwa magari mengi ya kukusanywa, bloku ile mbovu ikikaa na gari lake ina thamani kuliko bloku nzima isiyo yake. Ukiiuza peke yake umeuza utambulisho wa gari, na kuirudisha ni bahati nasibu.

Baada ya hapo, tunza kitu kinachokidhi mambo matatu kwa pamoja: kinaingia kwenye injini unayoimiliki leo, kikifa gari linasimama, na hakitengenezwi tena kwa ubora unaouamini. Mara nyingi hakitakuwa kitu kikubwa. Ni gia ya kuzungushia distribyuta, bodi ya pampu ya maji yenye umbo lisilo la kawaida, puli ya krenki, tapeti moja ya ziada, bolti za hedi zenye nyuzi ambazo duka la bolti halina. Jambo la kuchekesha ni kwamba watu hukumbatia hedi ya kilo ishirini ambayo hawataihitaji maisha yao yote, halafu wakatupa kopo la bolti.

Na kipi kiondoke leo?

Kitu cha injini usiyo nayo na huna mpango wa kuwa nayo. "Huenda siku moja nikapata gari la kukifunga" ni sentensi iliyojaza kona nyingi.

Kitu ambacho bado kinatengenezwa kwa wingi. Silinda na pistoni za Volkswagen Kobe ni mfano mzuri: za milimita 83 za injini ya 1500 na za 85.5 za injini ya 1600 zinakaa kwenye bloku ileile, na seti mpya bado zinapatikana, ingawa Kobe la mwisho lilitoka kiwandani huko Mexico mwaka 2003. Seti iliyotumika ya 1600 haina haja ya kulindwa.

Na kitu kinachofanana na chako lakini si chako. Land Rover ya 2.25 ilipata krenki ya beringi kuu tano mwaka 1980, badala ya tatu. Bloku ndogo ya Chevrolet ilibadilisha sili ya nyuma ya krenki kutoka vipande viwili kwenda kimoja mwaka 1986. Krenki ya upande mmoja wa mwaka huo haiendi kwenye bloku ya upande wa pili bila adapta na maneno mengi. Ukigundua kuwa "akiba" yako iko upande usio wako, akiba hiyo ni ya mtu mwingine. Mtafute.

Nikisubiri, si bei itapanda?

Huenda, lakini usisahau kwamba mtengenezaji mwenyewe anaweza kurudi sokoni. Nissan ilianza mwaka 2017 kutoa upya vipuri vya Skyline GT-R ya R32. Toyota ikafuata, na mwaka 2020 ikaanza kuuza tena hata vipuri vya giaboksi vya 2000GT, gari la 1967 hadi 1970 ambalo halikufika hata 400. Aliyekuwa amekalia kipuri kama hicho akingoja kipande cha mwisho duniani, aliamka akakuta si cha mwisho.

Upande wa pili, viwanda vidogo vinavyoiga vipuri hufa kimya kimya, na ubora wa kuiga hupanda na kushuka. Kipuri orijino cha chuma kigumu, kwa mfano kamshafti mpya au gia, huwa kinashikilia thamani. Mimi siwezi kukushauri uhifadhi chuma kama mtu anayeweka hisa. Chuma kinahitaji nafasi, mafuta na kumbukumbu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni cha bure.

Vipuri ambavyo havijawahi kufungwa, bado viko kwenye boksi la kiwanda?

Usitupe boksi. Lebo yenye namba ya kipuri ndiyo nusu ya ushahidi, na wapo wanaolipia boksi karibu kama wanavyolipia kilichomo.

Ila tenganisha chuma na mpira. Sili, oringi, dayaframu za pampu ya mafuta na mabomba huzeeka yakiwa yamelala tu. Sili ikiwa ngumu kama kucha, au ukiikunja ikaonyesha nyufa ndogo ndogo, ni ya kuonyesha kabatini, si ya kufunga. Gasketi za koki, kama ile ya vizibo vya chupa, nazo hukauka na kusinyaa. Na petroli yenye ethanoli hula mpira wa zamani hata ule uliokuwa mzima.

Jambo zito zaidi ni asbesto. Gasketi nyingi za hedi na za egzosi, na bitana za klachi za zamani, zilitengenezwa nayo. Usizikate, usizipige msasa, usizipulize kwa upepo wa kompresa. Uingereza ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999 na marufuku ya Umoja wa Ulaya ikakamilika mwaka 2005, kwa hiyo mahali pengi kuuza gasketi hiyo ni kosa hata kama ni mpya na boksi lake ni zuri. Angalia sheria ya ulipo na ya unakotuma. Kama huna uhakika imetengenezwa na nini, usiiuze.

Injini ndiyo kwanza imewaka. Nitangaze lini?

Si wiki hii. Iache itembee walau kilomita 1,000, ubadilishe oili, ufungue chujio uangalie kama kuna chembe za chuma. Presha ya oili ikiwa imara ikiwa na moto, sasa una haki ya kusema kilichobaki ni ziada.

Nisafishe na kupiga rangi kabla ya kuuza?

Safisha, usipambe. Rangi mpya kwenye hedi iliyotumika humfanya mnunuzi ajiulize inaficha nini, na mara nyingi ana sababu.

Kupuliza kwa mchanga au shanga za kioo ndiyo dhambi kubwa. Shanga hujificha kwenye njia za oili za bloku na krenki, huwezi kuziona, na zikitoka zinatokea kwenye beringi za mtu mwingine. Pia hula namba zilizogongwa. Brashi ya nailoni, mafuta ya taa, maji ya moto yenye sabuni, kukausha haraka na kupaka oili palepale: hayo yanatosha. Chuma cha kusubu kilicholowa huanza kupata kutu ya njano mbele ya macho yako.

Kimoja kimoja au kwa jumla?

Kimoja kimoja kinaleta pesa zaidi na kinakula jioni zako. Jumla inaleta kidogo na inakurudishia kona. Ninachofanya: vitu vitano au sita vya thamani navitangaza peke yake, vilivyobaki vinaondoka kama fungu moja, na simruhusu anayenunua fungu achague. Akichagua, utabakiwa na makapi.

Bei nitaijuaje?

Tafuta zilizouzwa, si zinazoulizwa. Kabureta inayotangazwa mwaka wa tatu kwa bei ileile inakuambia bei ambayo haiuziki. Kisha toa kazi inayobaki: kusaga, kuchonga, kubadili viti vya valvu. Mnunuzi makini anafanya hesabu hiyohiyo kutokea upande wake.

Kabureta za Weber zinahitaji jicho la pekee, kwa sababu zinaigwa sana. Soma maandishi yaliyosubiwa kwenye bodi na namba ya aina iliyogongwa. Zile za zamani zilizoandikwa Bologna hutafutwa zaidi. Funga koo lake na ujaribu kutikisa spindo ya kipepeo juu na chini. Ikicheza, injini itakuwa inavuta hewa ya wizi na silensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) haitatulia, na hiyo inapunguza bei hata kama ni ya Bologna.

Nimwambie nini mnunuzi?

Ulichopima, na ambacho hukupima. "Jonali kubwa zimesagwa 0.25, sijaipima kwa sumaku" ni tangazo bora kuliko "iko safi sana". Weka picha ya namba, picha ya ubaya, na picha ya mikromita ikiwa juu ya chuma chenyewe. Kama ni bloku yenye namba ya injini, uwe na karatasi za umiliki, maana mahali pengi namba hiyo imesajiliwa na gari.

Kutuma kitu kizito kama hiki kunakuwaje?

Krenki hutoboa katoni. Itie kwenye sanduku la mbao, ishikwe kwenye majonali ya mwisho kwa vipande vya mbao vilivyokatwa nusu duara, isiweze kusogea hata kidole. Kabureta na pampu ya mafuta zikaushwe hadi zisinuke petroli, la sivyo wasafirishaji watazikataa, na wana haki. Pima uzito kabla ya kutaja bei. Wengi wameuza hedi kwa faida na kuituma kwa hasara.

Nimerithi maboksi ya mzee, na mimi si fundi.

Pole. Usipange upya chochote kwanza. Piga picha kila boksi lilivyo, kwa sababu mpangilio wake ndio maelezo aliyoyaacha: vitu vilivyo pamoja huenda vilitoka kwenye injini moja. Tafuta madaftari na risiti za karakana, ndimo vilimo vipimo. Halafu mlete mtu anayeijua aina hiyo ya injini, lakini si yule aliyekwisha sema anataka kununua.

Nikiamua kutunza, nihifadhi vipi?

Oili nzito au nta ya kuzuia kutu kwenye kila uso uliochongwa, kisha karatasi maalumu ya kuzuia kutu, kisha mfuko. Mfuko wa nailoni peke yake juu ya chuma kikavu hukusanya jasho na kuozesha. Krenki na kamshafti zisimame wima au zilale zimeegemezwa mahali pengi. Usiziache zimelala kwenye ncha mbili. Juu ya sakafu ya saruji weka ubao. Mara moja kwa mwaka fungua, tazama, paka tena. Boksi ambalo hujalifungua miaka miwili limeshajibu swali la ukurasa huu.

Ambavyo hakuna anayevitaka?

Chuo cha ufundi kinaweza kuchukua hedi iliyopasuka ikatwe kwa kufundishia. Vingine ni skrepa: tenga aluminiamu, shaba na chuma, maana vikichanganyika utalipwa vyote kwa bei ya chuma. Onyo moja: valvu za egzosi za baadhi ya injini zina tundu ndani lenye sodiamu, madini yanayolipuka yakikutana na maji. Usizikate wala kuzitoboa. Mwambie mnunuzi wa skrepa zimo.

Nikiuza gari, vipuri viende nalo?

Vile vya injini yake, ndiyo. Havitaongeza bei kwa thamani yake kamili, lakini vitafanya gari liondoke mapema.

Nimeuza, halafu mwezi uliofuata nikakihitaji.

Imenikuta na gia ya distribyuta, ya gari ambalo nilikuwa nimeapa injini yake haifunguliwi tena. Bahati nzuri nilikuwa nimeandika daftarini nani aliichukua. Nilipompigia, gia ilikuwa bado kwenye karatasi yangu, na kilebo changu kikiwa kimening'inia. Aliniuzia kwa bei ileile niliyomuuzia. Usafiri nililipa mimi, kwenda na kurudi.